Divai ya Kilwa na Watumishi wa Kana
(Yohana 2:1–11)



Mwezi huu twawaomba mfungue Injili ya Yohana, sura ya pili, mkaisome habari ya arusi ya Kana polepole, kama mtu asomavyo barua iliyotoka kwa nduguye. Wengi wetu tumeihubiri habari hii katika arusi nyingi, hata midomo yetu yaijua kuliko mioyo. Twasema juu ya mitungi sita ya mawe, twasema juu ya mama yake Bwana, twasema juu ya divai njema iliyokuja mwisho. Kisha twawabariki maarusi, na watu wote waenda kula wali. Lakini katika mstari wa tisa liko jambo dogo ambalo twalipita mbio. Mkuu wa meza alikionja kinywaji kile akakisifu, wala hakujua asili yake. Waliojua ni wale watumishi waliochota maji. Juu ya jambo hilo twataka kunena leo, nasi tutalifikia kwa njia ya kuzunguka, kupitia Kilwa.

Twajua wako watakaokunja uso wakiliona neno divai juu ya karatasi hii. Katika sharika zetu wamo ndugu wengi walioacha kabisa kila kitu cha kulevya, nasi twawaheshimu, kwani wengine wao waliona kwa macho yao jinsi pombe ilivyozivunja nyumba za baba zao. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi katika sura ya 14 ya kwamba ni vema kujinyima hata nyama na divai, ikiwa ndugu aweza kujikwaa. Naye huyo huyo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Aliyeacha asimhukumu anywaye kwa kiasi, wala anywaye kwa kiasi asimcheke aliyeacha. Hayo yatosha. Aliyeapa kutoinywa na aisome habari hii kama mtu wa bara asomavyo habari za kuvua pweza: aweza kufaidika bila kulowa.

Wasomaji wa pwani waijua Kilwa. Kwa ajili ya wengine tuseme machache. Kilwa Masoko uko bara, na ng'ambo ya maji kiko kisiwa cha Kilwa Kisiwani, penye magofu ya msikiti mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, fukara mmoja wa Yemen alimsimamisha Sultani njiani, akamwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita yule fukara azichukue zile za kwanza. Basi katika nchi kama hiyo, aibu ya mwenyeji aliyepungukiwa mbele ya mgeni wake si jambo la jana. Hata leo mtu wa Kilwa afadhali alale na njaa kuliko kumpa mgeni chakula kisichofaa.

Katika safari ya kuzitazama sharika za Lindi na Kilwa, ndugu mmoja, mzee wa kanisa na mfanyabiashara, alitualika kula chakula cha jioni katika hoteli ya ufuoni ambayo hatutaitaja jina. Tulikuwa watu sita, na wawili wetu walikuwa wageni waliotoka Ulaya. Vikaletwa vyakula vya bahari kama Mungu alivyovitoa siku ile: kolekole wawili wa kuchoma waliopakwa ndimu na pilipili, ngisi katika tui la nazi, kamba wakubwa waliopasuliwa mgongo, na wali uliopikwa hata kila punje ilisimama peke yake. Mwenyeji wetu, akitaka kuwaheshimu wageni, aliagiza chupa ya divai nyeupe ya Dodoma, ambayo bei yake iliipita bei ya wale kolekole wawili. Akasema kwa furaha, "Leo mtaonja jasho la wakulima wetu."

Chupa ikafunguliwa. Kizibo kilikatika vipande viwili, kikavu kama gunzi. Divai nyeupe iliyo nzima haina weupe wa maziwa. Rangi yake ni kama maji ya dafu yaliyotiwa tone la asali. Hii ilikuwa ya hudhurungi kama chai iliyosahauliwa mezani. Harufu yake ilikuwa ya tunda lililoanguka na kupondeka. Ladha yake ilianza kwa ukali wa siki, kisha hapakuwa na kitu; tena ilikuwa vuguvugu. Karibu na samaki yule mtamu ilikuwa kama mtu aliyeingia arusini akiwa na habari ya msiba. Mwenyeji wetu aliinamisha macho, asiseme neno. Wale wageni kwa adabu wakatia midomo tena, wakaziweka bilauri chini.

Ndipo mmoja wetu, mtu mwepesi wa ulimi, akamwita kijana mhudumu kwa sauti iliyosikiwa na meza zote: "Wewe, umetuletea nini? Hii ni siki! Huoni haya?"

Kijana yule alikishika kisinia chake kwa mikono miwili, akajibu taratibu, "Nisameheni, wazee wangu. Mimi ni Mwislamu, sijapata kuionja hata siku moja. Ikiwa nzuri sijui, na ikiwa mbaya sijui. Nimepewa chupa, nimeifungua kama nilivyofundishwa."

Meza ikanyamaza. Sisi tukainuka, tukamwomba atuonyeshe mahali zinapokaa chupa hizo. Naye akatupeleka bila hila. Zilisimama wima juu ya rafu iliyoelekea dirisha la magharibi, ambapo jua la alasiri hupiga mpaka linapozama. Na chini ya rafu ilikuwapo friji ya soda, ambayo mgongo wake ulipumua joto usiku na mchana. Vumbi lilikuwa juu ya mabega ya chupa. Mwaka ulioandikwa juu ya ile tuliyofunguliwa ulionyesha kwamba ilikuwa na umri wa miaka minne. Mwenye hoteli naye, tulivyoambiwa, si mtu wa kunywa. Aliziagiza kwa ajili ya watalii, na watalii wanaotaka divai nyeupe ni wachache. Yule bwana, aliposikia habari, aliiondoa bei ya divai katika hesabu bila ubishi. Na kijana akaleta madafu sita yenye baridi, tukaendelea kula.

Sasa na tuipe chupa ile haki yake, maana nayo ina historia yake. Mizabibu ya Dodoma ilipandwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia huko Bihawana, katika miaka ya 1950. Nchi ile ni kavu, yenye mvua haba, na kwa namna ya pekee wakulima wake huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka mmoja. Divai nyeupe ya huko hukamuliwa hasa kwa zabibu ziitwazo Chenin Blanc, ambazo asili yake ni bonde la mto Loire katika Ufaransa. Tumepata kuinywa huko huko Dodoma, ikiwa bado changa, nayo ilikuwa safi, yenye ukali mwema kama wa ndimu, ikiuamsha ulimi. Aliyeikamua ile ya Kilwa hakuwa na kosa.

Wajuzi wa kazi hiyo wafundisha hivi. Divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda ya zabibu, nayo hupata kwayo ule ukakasi uishikao ulimi kama ndizi mbichi. Na ukakasi huo huisaidia kudumu. Divai nyeupe hutengwa na maganda mapema. Kwa hiyo ni nyepesi na ya kupendeza, lakini kinga yake ni ndogo, na ile ya kawaida yafaa inyweke katika mwaka mmoja au miwili. Adui zake ni hewa, joto na mwanga. Chupa yenye kizibo cha gome ikilazwa, divai hukilowesha kizibo, nacho hubaki kimevimba na kuziba vema. Ikisimamishwa miezi mingi mahali pa joto, kizibo hukauka, hunywea, na hewa hupenya. Ndipo divai hugeuka rangi kama tunda lililomenywa na kuachwa, na mwisho hugeuka siki.

Tena fikirini njia yake. Kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko kwenda kusini, kuuvuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kupita Somanga hata Kilwa, ni zaidi ya kilomita 700, chini ya turubai la lori. Na njia yenyewe si ya kuaminiwa siku zote: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, barabara ilikatika huko Somanga, na magari yalikaa siku kadhaa pasipo kupita. Kitu kilichosafiri hivyo, kikafika, kikawekwa juani miaka mingi bila mtu wa kukionja, chawezaje kuwa kizima?

Lakini ni nani aliyelaumiwa? Si lori, si rafu, wala si yule aliyeiweka rafu pale. Amelaumiwa mkono wa mwisho, mkono ulioimimina. Lawama hushuka kama maji ya mvua, hutafuta mahali palipo chini kabisa, ikatuama hapo.

Rudini sasa Kana. Mitungi ile ya mawe ilikuwa ya maji ya kujitakasa, kama Wayahudi walivyozoea. Jirani zetu wa pwani waijua desturi ya namna hiyo, na katika magofu ya msikiti mkuu wa Kisiwani mahali pa kutawadhia paonekana hata leo. Bwana aliwaambia watumishi wajaze, wakajaza mpaka juu. Akawaambia wampelekee mkuu wa meza, wakampelekea. Wazieni mwendo ule kutoka kwenye mitungi mpaka mezani. Kama mkuu wa meza angalikuta maji matupu katika kikombe chake, angalimkemea nani? Si bwana arusi, wala si yule mgeni wa Nazareti, bali yule aliyekibeba kikombe. Watumishi wale walitembea na hatari hiyo mikononi mwao. Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho kijana wa Kilwa hakupewa: walijua. Walichota wenyewe, walisikia neno la Bwana kwa masikio yao. Yeye alipewa chupa iliyofungwa, akaagizwa kuifungua.

Wala hatumlaumu kijana yule. Dini yake yamkataza kuonja, naye aishika dini yake katikati ya bilauri za watu wengine akitafuta riziki. Jambo hilo twalistahi. Kosa ni la wale waliomtuma na kitu asichoweza kukipima, wala wao wenyewe wasikipime.

Basi twaja kwenye neno lililotusukuma kuandika. Kanisa humchukua kijana, humpeleka chuo cha Biblia mwaka mmoja au miwili, naye hutoka huko akiwa mpya, mwenye nyimbo kinywani na moto moyoni. Kisha hutumwa kuwa mwinjilisti katika kijiji cha Lindi ya ndani au cha mwambao wa Kilwa, ambako Wakristo wa Kilutheri huweza kuwa nyumba tatu au nne. Huwekwa huko kama chupa juu ya rafu. Mchungaji humfikia mara mbili kwa mwaka, naye huja kwa haraka, kwani jioni apaswa kuwa mahali pengine. Posho huchelewa miezi. Kitabu kipya hapati. Mke wake huchota maji mbali, watoto waugua homa, na hapana mwenzake wa kusali naye kwa sauti. Joto la upweke hufanya kazi yake bila kelele, siku baada ya siku, na kizibo hukauka. Baada ya miaka minne gari huja kutoka makao makuu, wageni huketi mbele, humsikiliza Jumapili moja, na njiani wakirudi husema, "Huyu amechacha. Hana moto tena." Na katika kikao jina lake huandikwa miongoni mwa wale wa kuachishwa. Hakuna aliyeuliza rafu ilielekea wapi.

Wako wanaoshauri kwamba wainjilisti wahamishwe mara kwa mara, wakilitaja neno la Yeremia 48:11 juu ya Moabu, aliyekaa kama divai juu ya masimbi yake pasipo kumiminwa chombo hata chombo. Shauri hilo lina maana yake. Lakini divai inayotikiswa kila siku nayo haipati kutulia, na mtu aliyehamishwa kila mwaka hajifunzi hata majina ya watoto wa kijiji.

Afadhali tumtazame Martin Luther, ambaye jina lake twaliandika juu ya milango ya makanisa yetu. Hakukaa Wittenberg akawacheka watu wa mashamba kwa ujinga wao. Alikwenda mwenyewe kuzikagua sharika za Saxony, akakuta watu wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Kwa sababu ya mambo aliyoyaona huko aliandika Katekisimo Ndogo, mwaka 1529. Na mtu akiisoma dibaji yake ataona kwamba lawama yake kali hakuwatupia wale waliokuwa chini. Aliwageukia maaskofu, ambao walikuwa na kazi ya kuangalia wasiiangalie. Kisha aliwapa wachungaji wale wanyonge kitabu kidogo, chenye maneno machache, ili wapate cha kushika mikononi. Hiyo ndiyo njia ya mtu aliyekwenda kuiona rafu.

Hata hivyo, ninyi wainjilisti, msichukue maneno haya kuwa mto wa kulalia. Kijana wa Kilwa alikuwa na udhuru. Ninyi hamna, wala sisi wachungaji hatuna. Hakuna sheria inayotukataza kukionja kile tukimiminacho. Mwenye Zaburi ya 34 awaalika watu waonje kwanza, ndipo waone wema wa Bwana. Mtu awezaye kuisoma Katekisimo yote kwa moyo, sehemu baada ya sehemu, na asiwe ameomba kwayo hata usiku mmoja alipougua mtoto wake, huyo afungua chupa kama alivyofundishwa. Watu wa kijijini wana ndimi, hutambua. Na upweke, ambao tumesema kwamba hukausha, waweza pia kuwa kisima, ikiwa mtu atachota mwenyewe asubuhi kabla ya kuwatekea wengine.

Yamebaki mambo mawili ya kazi. La kwanza ni juu ya divai ya Meza ya Bwana, kwani tumeona sakristia ambazo chupa hukaa dirishani, pambo kama vyungu vya maua. Ndugu wazee wa kanisa, ilazeni. Katika usharika mmoja wa Lindi mama mfinyanzi amefinyanga mtungi mrefu wa kulaza chupa mbili. Umezikwa nusu katika mchanga, pembeni mwa chumba pasipofikiwa na jua, na mchanga hunyunyizwa maji kila jioni. Chupa iliyolazwa humo wakati wa Pasaka tuliionja mwezi wa Septemba, nayo ilikuwa njema. Tena nunueni chupa ndogo, maana iliyofunguliwa haivumilii joto letu zaidi ya siku chache. Na mmoja wenu aionje Jumamosi, asingoje kuijua mbele ya madhabahu. Asiyekunywa amwombe mwenzake amwonjee.

La pili ni juu ya wale wanaowapelekea wainjilisti divai hiyo. Mchungaji akifika kijijini, asiikabidhi mlangoni na kuwasha pikipiki. Na alale huko usiku mmoja. Amwulize ndugu yake anasoma nini sasa, na kama hana cha kusoma, amwachie kitabu chake mwenyewe. Aulize posho ya mwisho ilifika lini, aiandike tarehe, aipeleke kwa mtunza hazina akiwa na karatasi mkononi. Asali pamoja na mama wa nyumba ile, kwani yeye hasikiwi katika kikao chochote. Toka Juni mpaka Oktoba njia za Lindi na Kilwa hupitika hata zile za ndani, na mwezi ujao watosha kwa vijiji vitatu.